Sebule za Santuri: Nyumba za Pwani Zilivyogeuka Kumbi za Muziki

Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, kati ya vibanda vya nyama choma na vya wasusi, kipo kibanda kilichosheheni santuri kutoka sakafuni hadi darini. Wateja wake si wazee peke yao. Huja pia vijana waliozaliwa wakati kanda za kaseti zinakwisha kazi, wakapekua majalada mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi, wakaondoka na rumba ya Kinshasa, benga ya Nyanza au taarabu ya Mombasa kwapani. Nyumbani inawangoja pleya ya miaka ya 1950 au 1960, amplifaya ya valvu inayotaka kuachwa kidogo ipate moto, na spika mbili za mbao ambazo watu wawili ndio huzibeba. Viti vimegeuzwa kuelekea spika. Televisheni imehamishiwa chumba kingine.

Wapenzi wengi wa mambo haya hudhani mtindo umetoka Tokyo au London. Lakini Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na sebule za namna hii karibu karne moja iliyopita, na chanzo chake hakikuwa anasa ya mtu kujifungia na muziki wake. Mashine ilikuwa ghali, santuri zilikuwa ghali, mwenye navyo alikuwa mmoja na majirani walikuwa wengi. Nyumba iliyoingiza gramafoni iliingiza na mtaa.

Unguja ilikwisha zoea kusikiliza muziki nyumbani kwa mtu hata kabla ya mashine. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ala, na muziki ule ukawa burudani ya jumba la kifalme. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu iliyo hai mpaka leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na waalikwa walikuwa watu wenye nafasi zao.

Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mambo yalikuwa mengine. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na ambaye ujanani alitembeza vyungu mjini, aliimba taarabu kwa Kiswahili, na mazoezi ya usiku ya kikundi chake nyumbani kwake yaliwavuta watu wa mtaa. Waliokuja walijua wanachokifuata, kwani nyimbo zilibeba habari za mji. Wimbo wake maarufu wa Kijiti ulihusu kesi ya mauaji ambayo mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Watu walisikiliza, wakacheka, wakakasirika, wakarudi kwao usiku wakiendelea kubishana njiani.

Wakati huo gramafoni nayo ilikwisha tia nanga. Mwaka 1902 Fred Gaisberg, fundi wa kurekodi wa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, alikwenda Calcutta akarekodi sauti ya Gauhar Jaan. Mwaka 1908 kampuni hiyo ikawa na kiwanda chake katika mji huohuo. India ilifaa kwa zaidi ya soko lake kubwa, kwani huko ndiko kulikotoka shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, ambao ulichanganywa na unga wa mawe ukatengenezewa santuri. Bahari ileile iliyoleta mchele na vitambaa kwenye bandari za pwani ikaleta na santuri za Kihindi. Misri nayo ikaleta zake, na wapigaji wa Unguja wakazisikiliza kwa makini ili wajifunze mitindo ya Cairo.

Mashine yenyewe haikutaka umeme. Mwenye nyumba alitia ufunguo ubavuni mwa sanduku mpaka kamani ikakaza. Akaweka santuri ya inchi 10 juu ya sahani iliyovikwa kitambaa, akachomeka sindano mpya ya chuma kwenye kichwa cha mkono, akaifunga kwa skrubu ndogo, kisha akaiteremsha taratibu ukingoni. Sindano ilitetemeka ndani ya mfereji, mtetemo ukapanda mpaka kwenye utando wa ulanga, na honi ikaukuza ukajaa chumba. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na baada ya dakika tatu hivi wimbo ulikwisha. Ufunguo ulitiwa tena. Sindano iliyotumika ilitupwa, kwa kuwa unga wa mawe uliomo ndani ya santuri ulikuwa umeisaga ncha, na ncha iliyosagika huchimba mfereji wa santuri inayofuata. Ndiyo maana sindano ziliuzwa katika vikopo vya bati vyenye 200 kila kimoja.

Kwa hiyo muziki wa saa moja ulikuwa kazi ya watu. Mmoja alitia ufunguo, mwingine alibadilisha sindano, wa tatu alizilinda santuri zisikaliwe na mtoto, maana shelaki ikianguka huvunjika vipande.

Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay kurekodi na HMV, jina la biashara la kampuni ileile ya Gramophone. Walikuwamo Subeti bin Ambari kwenye udi, Mbaruku wa Mombasa, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban. Santuri zilizotoka katika safari hiyo, zenye picha ya mbwa anayesikiliza honi, ziliuzika kiasi kwamba wakarudishwa Bombay mwaka uliofuata, na kampuni za Columbia, Odeon na Pathé nazo zikaingia mbioni kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Baadaye Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti katika kitabu kinachosomwa mpaka leo.

Nyimbo ilibidi zipunguzwe. Wimbo uliozoea kwenda kadiri wasikilizaji walivyotunza sasa ulibanwa ndani ya dakika tatu, au ukakatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Lakini sauti ambayo mtu alilazimika kuifuata Ng'ambo usiku ilianza kusafiri yenyewe. Mtu wa Lamu au Bagamoyo ambaye hajawahi kukanyaga Unguja alimsikia Siti akiimba chumbani kwa jirani yake.

Chumba chenyewe kilisaidia. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali bila kupinda, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, upana wake ukiwa kama meta tatu au pungufu. Chumba cha umbo hilo kikiwa kitupu kingepiga mwangwi. Hapa boriti zilizojipanga darini na zidaka zilizochongwa ukutani zilitawanya sauti, na mazulia, mikeka, mito na mapazia yakaimeza ile iliyozidi. Waliojenga hawakuwa na habari za gramafoni, lakini mtu anayetengeneza chumba cha muziki leo hulipia povu na mbao ili apate matokeo hayohayo.

Gramafoni ikiwekwa karibu na dirisha, sauti ilitoka mpaka barazani, na baraza za pwani ziko nje ya mlango, mahali pa kila apitaye. Mikahawani pia mashine zililia, na mwenye mkahawa alijua kwamba santuri mpya huuza kahawa. Ila mkahawa ulikuwa wa wanaume. Wanawake wengi wa mjini ambao hawakukaa mikahawani walipata santuri kwa njia ya nyumba: ndani, uani, orofani, pamoja na mashoga na jamaa. Sauti ya mwanamke wa Fumba ikaingia ndani kabisa, mahali ambapo mpiga udi mgeni asingeruhusiwa kukanyaga.

Kuna jambo moja ambalo santuri ililiwezesha na mwimbaji wa mbele ya watu asingeweza kulifanya kwa urahisi, nalo ni kurudia. Taarabu huishi kwa mafumbo. Ubeti unaosifu ua au kulalamikia chombo kilichokwenda mrama huwa una mtu wake, na wasikilizaji hutaka kujua ni nani. Ukumbini ubeti ukipita umepita. Mbele ya gramafoni sindano iliinuliwa ikarudishwa, mmoja akafasiri hivi, mwingine akapinga, ikarudishwa tena. Wimbo wa dakika tatu ukamaliza jioni nzima. Santuri iliyopendwa sana ndiyo iliyochakaa upesi, na mpaka leo wakusanyaji hukuta santuri ambazo upande mmoja umelika na wa pili unang'aa kana kwamba haujawahi kuguswa.

Bara nako mashine ilifanya kazi yake. Mwaka 1933 HMV ilianza kutoa mfululizo wa santuri za GV, nyimbo za Cuba na nchi jirani zilizokwisha rekodiwa, zikachapwa upya kwa ajili ya Afrika. Wasikilizaji hawakujua Kihispania, lakini mdundo waliutambua. Kongo ikaupokea ikazaa rumba yake. Morogoro, Salum Abdallah, kijana aliyevutiwa na santuri hizo, akaunda Cuban Marimba mwaka 1948, na mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa sauti zilizopendwa kuliko zote Tanganyika. Huko nyuma Dar es Salaam ilikwisha pata Dar es Salaam Jazz, iliyoanza mwaka 1932, na Morogoro Jazz ilizaliwa 1944. Bendi hizi zilijifunza kwa kukaa mbele ya mashine, sindano ikirudishwa palepale mpaka mpiga gitaa ashike.

Mwaka 1951 redio ikabadili mpangilio wa sebule. Mwaka huo zilianza Sauti ya Unguja, iliyotangaza kutoka Raha Leo, na Sauti ya Dar es Salaam. Waliokuwa na uwezo wakanunua radiogramu, kabati refu la mbao iliyopigwa vanishi, redio upande mmoja na pleya upande wa pili, spika zimefichwa nyuma ya kitambaa. Grundig, Philips na Pye ni majina ambayo watoto wa enzi hiyo waliyasoma kwa herufi za dhahabu kabla hawajaanza shule. Juu ya kabati kulitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kukawekwa picha ya harusi. Funguo alikaa nazo baba. Nyingi zilikuwa na nguzo ya katikati iliyopangwa santuri kadhaa kwa pamoja: moja ikiisha, ya juu yake huanguka na mkono ukaifuata wenyewe. Yule mtu wa kubadilisha sindano akapumzika.

Santuri nazo zilibadilika. Marekani ilitoa LP ya plastiki mwaka 1948, na mwaka uliofuata santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45. Hiyo ndogo ndiyo iliyoshika Afrika Mashariki, kwa wepesi wake na bei yake. Mombasa, duka la Assanand na Wanawe lilikuwa na lebo yake ya Mzuri, iliyotoa taarabu ya Juma Bhalo pamoja na dansi ya Salum Abdallah. Nairobi, lebo zilizidi kuongezeka, na wanamuziki wa Kongo na Tanganyika wakafunga safari kwenda kurekodi huko.

Santuri ya 45 ilileta desturi ambayo watu wa rika fulani hawajaisahau. Wimbo wa dansi wa Afrika Mashariki huanza kwa maneno, pole pole, kisha magitaa hufunguka na watu huinuka kucheza. Dakika tatu hazikutosha, hivyo upande wa kwanza uliandikwa sehemu ya kwanza na upande wa pili sehemu ya pili. Wachezaji wakisha pata moto, sauti ilififia katikati ya gitaa, mtu akakimbilia pleya, akageuza santuri, na wengine wakasubiri katikati ya sebule, mikono bado iko hewani.

Kilichofunga milango ya sebule hizi ni mambo kadhaa yaliyokuja kwa pamoja. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilizotakiwa ziwe santuri zilichapwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Santuri mpya zikawa adimu Dar es Salaam na Unguja, na ukosefu wa fedha za kigeni ukafanya sindano na vipuri kuwa adimu zaidi. Kwa wakati huohuo kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, ilikuwa imeshuka bei. Kanda ingeweza kurekodiwa na yeyote, ikanakiliwa na yeyote, ikapigwa ndani ya basi, saluni au jikoni. Hakuna aliyelazimika tena kwenda kwa jirani ili asikie wimbo. Radiogramu zikageuka meza za kuwekea televisheni, na baadhi zikaliwa na mchwa zikiwa na santuri ndani.

Japani ilipita njia inayofanana, na ulinganisho huo unaeleza mengi. Huko Yokohama, Mamoru Yoshida alifungua mkahawa wa Chigusa mwaka 1933, miaka mitano tu baada ya safari ya Siti, watu wakalipia kikombe cha kahawa ili wasikilize jazi ambayo wasingemudu kuinunua. Tofauti ilikuja baadaye. Katika mikahawa mingi ya namna hiyo Japani kuzungumza kulikatazwa, msikilizaji akakaa peke yake na spika. Sebule ya pwani haikuwahi kuwa na kanuni hiyo, na fumbo lisilojadiliwa lingekuwa limepotea bure.

Wanaozirudisha sebule hizi sasa hukutana kwanza na mafundi. Pleya zinazosakwa zaidi ni Garrard 301, iliyoanza kutengenezwa Swindon, Uingereza, mwaka 1954, na Thorens TD 124 ya Uswisi ya mwaka 1957. Zote mbili ni nzito na hudumu, mradi mpira wa gurudumu, na mkanda kwa ile Thorens, visiwe vimekauka na mafuta ya mhimili yasiwe yameganda. Amplifaya za valvu zinataka uangalifu zaidi. Kapasita zilizolala miaka 40 mara nyingi zimeharibika, na fundi mwenye busara hawashi mashine ya namna hiyo kabla ya kuzipima, kwa kuwa ndani yake mna volti za kutosha kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Hewa ya chumvi nayo haimwachi mtu. Inaotesha kutu kwenye skrubu na ukungu kwenye majalada, kwa hiyo wakusanyaji wa Mombasa na Unguja hupanga santuri zikiwa zimesimama, mbali na ukuta wa nje.

Gramafoni zinazong'aa kwenye maduka ya wageni Mji Mkongwe ni hadithi nyingine. Nyingi ya zile zenye honi kubwa ya shaba nyeupe au nyekundu na kibao cha HMV zimeunganishwa India miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii, na humo ndani mara nyingine mna mtambo wa gramafoni ndogo ya zamani iliyovunjwa. Anayetaka mashine ya kweli hutafuta sanduku jeusi la kubeba, kwa mfano HMV 102 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931. Honi yake imejificha ndani ya sanduku lenyewe, na pembeni pana kisanduku cha sindano.

Mwenye mashine ya kweli huingia katika mtihani wa kuchagua. Kichwa cha gramafoni hulemea santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi, wakati pleya ya kisasa hugusa kwa gramu mbili au tatu tu. Santuri ya plastiki ikiwekwa chini ya sindano ya chuma huharibika mara moja. Santuri ya shelaki huvumilia, lakini kila mara inapopigwa hupoteza kitu. Na santuri za Kiswahili za miaka ya 1920 na 1930 zilizobaki ni chache.

Sehemu ya urithi huo imekwisha rudi kwa njia ya mbali. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa CD ya muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, uliochaguliwa kutoka hazina ya Maktaba ya Uingereza. Buda Musique ya Paris, kupitia mfululizo wa Zanzibara, ilirudisha taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970. Zilizosalia zimo chini ya vitanda na juu ya makabati kutoka Lamu mpaka Kilwa. Wakusanyaji makini wamejiwekea utaratibu: santuri ya shelaki huoshwa kwa maji na sabuni laini bila spiriti, maana spiriti huyeyusha shelaki. Kisha hupigwa mara moja kwa pleya nyepesi yenye sindano pana ya 78 na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Baada ya hapo wageni huweza kuletewa gramafoni yenyewe, kwa santuri zile ambazo nakala zake zipo zaidi ya moja, na mmoja wao hupewa kazi ya kutia ufunguo.